Pambano la Baba Yangu katika Ghala la Hifadhini

Mimi ni Yohana Semkiwa, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya Kwemhosi. Baba yangu alikuwa Mwalimu Elieza Semkiwa, aliyeigonga kengele ya shule hiyo hiyo kwa mkono wake kwa miaka thelathini na mmoja, na kengele haikuchelewa hata siku moja, iwe masika, iwe msiba. Baba yake alikuwa Mhina Semkiwa, ambaye vijiji vitatu vilimwamini apande masale ya mipaka ya mashamba yao. Masale hayo yangali yamesimama, ingawa mstari wake mmoja uliwanyima wanawe mwenyewe kijito. Ukoo wetu haujapata kuitwa barazani kujibu shtaka la uongo.

Siwataji hao kwa kujigamba. Nawataja kwa sababu safari ninayoieleza inamhusu mmoja wao, na ndani yake limo jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kuulizwa, kwa kuwa mimi sikuruhusu liulizwe.

Wajukuu zangu wanakifahamu kibao kilichotundikwa sebuleni kwangu, chini ya saa ya ukutani. Nilikiandika mwenyewe: "Mwalimu Elieza Semkiwa, aliyemshinda Mkaguzi wa Shule katika sataranji." Pambano hilo lilichezwa ofisini mwa shule, alasiri moja ya mvua, baada ya ukaguzi kwisha, wakiwa wawili peke yao. Basi niliposikia kwamba iko nchi iitwayo Hifadhini, iliyokusanya mapambano yote ya sataranji yaliyowahi kuandikwa na watu, nilitaka nikaone kwa macho yangu jinsi ushindi wa baba yangu ulivyohifadhiwa. Namna nilivyofika huko si habari. Nilifika asubuhi ya Jumatano, nimevaa koti langu la kufundishia.

Nilipokewa na Bwana Kondo, Afisa wa Wageni, mtu wa miaka thelathini na ushei, mchangamfu, mwenye tepe tano za kijani zilizoshonwa kwenye mkono wa shati lake.

"Shikamoo, Mzee Semkiwa. Karibu Hifadhini. Umetuletea makosa mangapi?"

"Marahaba. Sikuja na kosa lolote."

"Aa, Mzee, usijidharau. Kila mtu analo moja la kutoa."

Sikulielewa neno hilo mpaka aliponieleza mambo ya nchi yao, nami nitayaeleza kama nilivyoyapokea.

Hifadhini haina jeshi la kutajika wala milima ya kusifiwa. Fahari yake yote ni Ghala. Ghala hilo limo mtandaoni, na kila nyumba ina skrini ya kulifungulia. Ndani yake yamo mapambano zaidi ya milioni nne, kila moja na ukurasa wake, hatua kwa hatua, tangu askari wa kwanza anaposogezwa mpaka mfalme anapofungwa. Hapo zamani wachezaji wa nchi zote waliyatuma kwa posta, yameandikwa kwa mkono. Makarani wakayanakili, na karatasi zenyewe zikawekwa chumbani. Kwa kuwa makarani walikuwa wachache na kazi ilikuwa kubwa, raia waliombwa wasaidie: yeyote atakayeona kosa la kunakili, atoe taarifa. Ombi hilo lilikuwa la busara. Mimi mwenyewe ningeliombea shule yangu msaada wa namna ile.

Lakini ombi liligeuka heshima, na heshima ikageuka sheria. Leo kila mtu mzima wa Hifadhini hupaswa kutoa rekebisho moja kila wiki, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Akifikisha mia hushonewa utepe. Asiyetoa huandikwa kuwa amelinyima taifa. Rekebisho hukubaliwa watu saba wakiliinulia mkono katika muda wa saa moja, na sikuonyeshwa hata moja lililokosa mikono, kwa maana anayemnyima jirani mkono wake Jumanne atauhitaji wa jirani Alhamisi. Chini ya kila ukurasa pana kitufe kilichoandikwa "Nimeona Kosa".

"Na yule aliyesoma asione kosa," nikamwuliza Bwana Kondo, "kitufe chake kiko wapi?"

Alinitazama kwa huruma. "Sasa huyo, Mzee, alikuwa anasoma ya nini?"

Makosa ya kunakili yalikwisha zamani, katika mwaka wa sita wa Ghala. Ndipo ilipotungwa ile wanayoiita Sheria ya Hatua ya Aibu, inayosema hivi: hatua ambayo mtu mwenye akili timamu asingeicheza, haikuchezwa, aliyeiandika aliteleza kalamu. Kwa sheria hiyo raia walianza kuwaondolea wachezaji makosa yao. Aliyempoteza malkia kwa uzembe alirudishiwa malkia. Wale waliokuwa wameshinda kwa sababu ya uzembe huo walilalamika, nao wakatulizwa kwa kufutiwa mapambano waliyoshindwa wao. Kazi ikaendelea kwa miaka mingi, kwa bidii na upole, mpaka katika mapambano milioni nne pasibaki hata moja lililomalizika kwa mtu kushindwa. Yote ni sare. Na ili pasiwe na mtu wa kukumbushwa alivyokuwa, iko sikukuu moja kila mwaka, Siku ya Adabu, ambapo kurasa zote za zamani hufutwa, zikabaki zilizorekebishwa tu.

Adhuhuri ile nilihudhuria mjadala wa Baraza. Mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba, kwa kuwa mapambano yote yamekuwa mazuri, na mazuri yameanza kufanana, yaunganishwe yote yawe pambano moja, ili kupunguza mzigo wa Ghala. Hoja ilisikilizwa kwa makini. Ilikataliwa pale mjumbe mwingine alipouliza raia watarekebisha nini Ijumaa inayofuata. Hakuna aliyecheka. Nami sikucheka, kwa kuwa nilikuwa mgeni.

Baada ya chakula Bwana Kondo aliniomba tucheze. Alicheza kama mtu aliyesoma vitabu vingi asipate kuadhibiwa hata mara moja. Alimtoa malkia wake mapema, akamwacha mfalme wake katikati ya ubao, akawa anasogeza farasi wake huku na huku kwa furaha. Katika hatua ya kumi na nne malkia wangu, akilindwa na askofu, aliketi mbele ya mfalme wake, na mfalme hakuwa na pa kwenda.

Bwana Kondo aliutazama ubao kama mtu aonaye doa kwenye kitambaa cha meza.

"Hapa pana kosa," alisema.

"Lipo. Hatua ya tisa. Ulipaswa kumficha mfalme."

"Si ndiyo! Nami ningemficha. Nani asingemficha? Basi aliyeandika amekosea."

"Aliyeandika ni wewe, Bwana Kondo. Kalamu ungali umeishika."

"Mzee, mkono huteleza."

"Ulioteleza ni ule uliomsogeza farasi. Huu wa kalamu haukuteleza."

Alicheka sana. "Wageni wote husema hivyo siku ya kwanza." Akaigeukia skrini, akaandika rekebisho lake, akabonyeza. Chai haijapoa, mikono saba ilikwisha kuinuka. Ukurasa wetu ukasema: sare, hatua arobaini. Nikazisoma hatua ishirini na sita nisizozicheza. Nyingine, nakiri, zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Hapo ndipo nilipomwomba anifungulie ukurasa wa baba yangu.

Ulifunguka mara moja. Jina lilikuwa sahihi, mwaka ulikuwa sahihi, shule ilitajwa. Mwalimu Elieza Semkiwa dhidi ya Mkaguzi wa Shule. Sare, hatua hamsini na nane.

"Hongera, Mzee!" alisema Bwana Kondo. "Pambano safi kabisa. Limerekebishwa mara mia mbili na kumi na nne. Linapendwa."

Nilizoea darasani kuhesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kusema na mtoto aliyenikasirisha. Siku ile nilihesabu mpaka thelathini. Kisha nikamwambia kwamba baba yangu alishinda, kwamba ushindi ule ni mali ya ukoo wangu, na kwamba sitaondoka Hifadhini kabla haujarudishwa mahali pake.

"Ushahidi unao?"

"Mliupokea nyinyi. Pambano hili lilifikaje hapa, kama si kwa karatasi?"

Alikuna kichwa. "Karatasi. Basi itabidi uende kwa Bi. Mashavu." Alilitaja jina hilo kama mtu atajaye mgonjwa wa siku nyingi.

Chumba cha karatasi kiko nyuma ya jengo, mlango wake unaelekea jikoni, na ndani yake mna harufu ya mafuta ya taa, ambayo hupakwa miguuni mwa makabati kuzuia mchwa. Bi. Mashavu ni mwanamke wa makamo yangu, mwenye miwani iliyofungwa uzi mahali pa mkono mmoja. Mkono wa gauni lake hauna utepe hata mmoja.

"Hodi, Bi. Mashavu."

"Karibu, Mwalimu."

"Umejuaje kwamba mimi ni mwalimu?"

"Umesimama mlangoni ukahesabu makabati yangu. Keti. Unatafuta ushindi au unatafuta kushindwa?"

"Ushindi. Wa baba yangu."

"Wote hutafuta huo. Sijapata kumpokea mtu aliyepanda basi kuja kutafuta alivyoshindwa." Akaandika jina kwenye kipande cha karatasi. "Nimekaa humu miaka arobaini, Mwalimu. Karatasi hizi zina maadui wawili, mchwa na watu wema. Mchwa nawaweza."

Nilimwuliza kwa nini Baraza lisitumie karatasi kumaliza ubishi. Akaniambia sheria yao, na sheria hiyo ndiyo iliyonifunga mimi, kwa hiyo naiandika neno kwa neno kama alivyoisema: karatasi itasadikiwa siku atakapotokea mtu kuitetea karatasi inayomwaibisha yeye mwenyewe.

"Wamekuja wengi," alisema. "Kila aliyekuja, karatasi yake ilimsifu. Baraza likasema, mnaona? Karatasi zinapendelea. Wakatupa muda wa miaka arobaini apatikane shahidi wa namna wanayoitaka. Muda unakwisha keshokutwa, Ijumaa. Jumamosi karatasi zote zinakwenda kulowekwa, zifinyangwe maboksi ya mayai."

"Na wewe?"

"Mimi sifinyangiki. Watanipeleka kukaa na mwanangu." Aliinuka, akaenda kwenye kabati la saba, akarudi na bahasha. Hakuifungua. "Huwa sisomi karatasi za watu kabla wenyewe hawajaja. Haya, msome baba yako."

Nilimfahamu kabla sijasoma neno. Ile herufi E yake ya kulala, kama alivyoiandika ubaoni. Ule wino wa bluu aliouchanganya mwenyewe kwa unga, uliokuwa ukififia kila mwisho wa mstari. Hatua zilikuwa zimepangwa wima, wazi, bila kufutwafutwa. Mpaka hatua ya thelathini alikuwa mbele kwa askari mmoja. Kisha, chini yake, aliandika hivi:

"Hatua ya 31. Nimeitoa ngome yangu katika mstari wa nyumbani kwenda kula askari. Kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nikiutazama uso wa mgeni badala ya kuutazama ubao. Hatua ya 32, ngome yake imeingia nyuma, mfalme wangu amefungwa. Nimeshindwa. Naituma ilivyo. E. Semkiwa."

Jikoni mtu alikuwa akitwanga kitu. Nilimsikia mpaka akamaliza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa siku ile ya mvua. Nilimngoja baba barazani, na alipotoka nilimwuliza, "Baba, umemshinda?" Naye akaikung'uta kofia yake maji, akacheka, akasema, "Tulicheza mpaka mwisho." Hakusema zaidi, nami sikuuliza zaidi. Miaka ishirini na miwili baadaye, tulipomzika, niliombwa niseme maneno machache. Watu walikuwa wengi, wengine wakiwa wanafunzi wake wenye vyeo, nami nikatafuta neno la kumwinua baba yangu. Nikasema alimshinda Mkaguzi. Neno likapendeza. Mwaka uliofuata nikaliandika kwenye kibao.

Nilikuwa nimewakasirikia raia mia mbili na kumi na wanne. Nikiwa nimeketi katika kiti cha Bi. Mashavu nilifahamu kwamba mtu wa kwanza kulirekebisha pambano lile hakuwa mwananchi wa Hifadhini.

"Inasemaje?" aliuliza.

"Inasema ameshindwa."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Alijua vizuri kuliko mimi maana ya neno hilo kwake na kwa makabati yake. Lakini hakuniomba.

"Ukiiacha mezani nitairudisha mahali pake, ilale humo mpaka Jumamosi," alisema. "Ukiichukua, panda nayo ngazi keshokutwa. Ila usiikunje, Mwalimu. Haijakunjwa tangu ije."

Nikaichukua.

Alhamisi sikwenda popote. Msomaji asidhani kwamba uamuzi ulikuwa mwepesi kwa mtu aliyefundisha maadili maisha yake yote. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni, na mambo ya maboksi ya mayai si yangu. Nilijiambia kwamba baba ni marehemu, na marehemu hasemwi. Kisha nikamkumbuka mwanafunzi mmoja, Hoza, aliyefuta jibu lake mwenyewe katika mtihani akanakili la jirani. Nilimkalisha nje ya mlango wa darasa wiki nzima, ingawa mama yake alikuja kuniomba akilia. Nilimwambia mama yule: "Jibu lake la kwanza lilikuwa baya, lakini lilikuwa lake." Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano niliposema hivyo, na kibao kilikuwa kimekwisha tundikwa.

Ijumaa saa nne Baraza lilijaa. Mwenyekiti wake, Bwana Zidumu, Mlinzi Mkuu wa Ghala, ana tepe nyingi kuliko raia wote. Zimeshonwa toka kifundo cha mkono mpaka begani, mikono yote miwili, zikapandana, hata viwiko vyake havikunjiki. Hukaa mikono imenyooka mbele yake juu ya meza, na msaidizi humnywesha maji.

"Mzee Semkiwa," alisema kwa sauti nzuri, "tumesikia dai lako, na limetugusa. Umetoka mbali. Baraza lisingependa mgeni arudi na kinyongo. Tumelitazama pambano la marehemu, tukaona kwamba Mkaguzi huenda aliteleza katika hatua ya arobaini na tatu. Mikono saba imekwisha kuinuliwa. Sema tu neno, tumpe marehemu ushindi."

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti: "Pokea, babu, tukale! Saa sita inakaribia na mimi sijatoa langu!"

Bwana Kondo, aliyesimama karibu nami, alinong'ona, "Si ndicho ulichokuja kukitaka?"

Ndicho nilichokuja kukitaka. Kilikuwa mbele yangu, kimefungwa vizuri kama zawadi, na wa kunibishia alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mkononi mwangu.

"Bwana Mwenyekiti," nilisema, "nashukuru. Baba yangu alishindwa. Hapa ipo karatasi yake."

Nikaisoma yote, toka hatua ya kwanza. Hakuna aliyenikatiza, nadhani wengi wao hawakuwa wamepata kusikia pambano likielekea mahali. Nilipofika hatua ya thelathini na moja mtu alisema, "Yalaa!" kama aonaye mtoto akisogelea kisima.

Bwana Zidumu alitaka kuiona karatasi. Hakuhitaji kunyoosha mikono, ilikuwa imekwisha nyooka, lakini alipoishika karatasi hakuweza kuileta machoni. Ikabidi Bwana Kondo amshikie.

"Unasema marehemu aliicheza hatua hii kwa akili zake timamu?"

"Kwa akili zake, na kwa mkono wake, na akaiandika yeye."

"Mtu aliyegonga kengele miaka thelathini na mmoja?"

"Huyo huyo."

"Na karatasi hii ikisadikiwa, wewe unapata nini?"

"Napata aibu, Bwana Mwenyekiti."

Karani aliisoma sheria, ukumbi ukaanza kunong'ona. Ndipo akasimama mjumbe mmoja mwembamba, yule yule aliyependekeza mapambano yaunganishwe, akasema: "Naomba tusidanganyike. Mgeni huyu ataondoka hapa akisifiwa kwa uaminifu wake. Watu watasema, tazameni mzee mnyoofu! Basi karatasi hii inamsifu, kama zilivyowasifu wenzake. Haifai."

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na sina budi kuiheshimu. Nilimwona Bi. Mashavu mlangoni, ameshika nguzo.

"Mjumbe amesema kweli nusu," nilijibu. "Uaminifu umo ndani ya karatasi hii, lakini ni wa baba yangu. Yeye alishindwa mchana, akaiandika, akaituma ilivyo. Mimi nilisimama mbele ya kaburi lake, watu wakiwa wamevua kofia, nikasema alishinda. Sikudanganywa. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilibuni. Kisha nikakitundika kibao, nikawafundisha watoto na wajukuu wakisome. Nimekuwa mwongo katika jambo hili kwa miaka zaidi ya thelathini, na nilikuwa mwalimu mkuu. Andikeni na hilo, kisha mniambie linanisifu wapi."

Mjumbe mwembamba alikaa. Bwana Zidumu akatazama juu, akatazama chini, akasema kwa unyonge kwamba sheria haikutaja mikono saba, na kwamba kwa hiyo imetimia. Chumba cha karatasi hakitaguswa. Kuanzia siku hiyo, penye karatasi, karatasi ndiyo itakayofuatwa.

Mwanamke wa nyuma akauliza, "Na mimi Ijumaa yangu nitarekebisha nini?"

Bi. Mashavu alimjibu kutoka mlangoni: "Njoo chini, mama. Nina makabati ishirini na sita. Utasoma karatasi, utasoma na skrini. Zikilingana, utaniambia zimelingana. Hiyo nayo ni kazi."

Kabla ya saa sita ukurasa wa baba yangu ulikuwa umerudishwa. Hatua thelathini na mbili. Mwalimu Elieza Semkiwa ameshindwa. Katika mapambano milioni nne na zaidi, siku ile, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameshindwa. Niliutazama ukurasa ule kwa muda. Sitadai kwamba sikuumia.

Nilipokuwa nafunga begi langu Bwana Kondo alikuja, ameuweka ubao kwapani. Hakuwa na uchangamfu wake wa kawaida.

"Mzee, juzi ulinifunga katika hatua ya ngapi?"

"Ya kumi na nne."

"Naomba unionyeshe tena. Polepole."

Tulikaa, nikampangia. Tulipofika hatua ya tisa aliushika mkono wangu. "Hapa," alisema. "Hapa ndipo nilipokosea." Na uso wake uling'aa kama wa mwanafunzi aliyeipata hesabu, kwa kuwa hakuwa amepata kulitamka neno hilo kwa habari yake mwenyewe.

Nimerudi nyumbani. Kibao nimekiteremsha, nikakigeuza, nikaandika upande wa pili maneno mawili ya baba yangu, "Naituma ilivyo," nikakitundika pale pale chini ya saa. Mjukuu wangu mkubwa aliuliza kama sasa babu yake mkuu amepungua. Nilimwagiza aende shambani ayatazame masale ya Mhina, yale yaliyotunyima kijito, kisha arudi aniulize tena. Hajarudi kuuliza.

Sasa nasema nanyi vijana wa ukoo huu, na wengine wote ambao vidole vyenu vimezoea vitufe kuliko kalamu. Mmekabidhiwa kumbukumbu za watu wengi kuliko kizazi chochote kilichowatangulia, na mnaweza kuzigeuza kwa kidole kimoja. Kosa la karani lisahihisheni, na fanyeni hima. Kosa la mwenyewe mliache lilipokaa, kwa maana alilifanya kwa mkono wake, nanyi hamkuwapo. Msimpe mtu ushindi asioupata, hata kama mnampenda, na hasa mkiwa mnampenda. Hili si ombi. Na siku yangu itakapofika, atakayesimama mbele ya kaburi langu na kusema kwamba Yohana Semkiwa hakuwahi kukosea, mkalisheni chini.